Jiwe la Mwasisi

Nchi yenyewe haina jina, na kosa si la wachora ramani. Kila mtawala aliyeingia aliipa jina lake, na kabla wino haujakauka alikuwa ameshachinjwa na mwenzake, naye mwenzake akaipa la kwake. Mwishowe wachora ramani walichoka. Waliacha doa jeupe na kuandika pembeni kwa herufi ndogo: ukifika, uliza.

Ukifika utawakuta watu wapole, wanaopenda taratibu kama watoto wanavyopenda sukari. Hakuna aliyewahi kuuawa nchini humo bila fomu. Fomu ikikosekana, mtu huambiwa aende nyumbani arudi kesho, naye hurudi, tena mapema, ili asikae sana kwenye foleni. Wageni hushangaa. Wenyewe hueleza kwamba huo ndio ustaarabu.

Katikati ya mji mkuu pana uwanja, na katikati ya uwanja imesimama sanamu ya Mwasisi wa Dola, ndefu kama watu watatu waliobebana mabegani. Mwasisi mwenyewe alikufa zamani kwa visu ishirini na vitatu vya marafiki zake, mara tu baada ya hotuba ya ukaribisho, lakini aliacha sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa. Sheria inasema kwamba mtu hawi Mtukufu wa Dola mpaka kichwa chake cha jiwe kikae juu ya shingo ya sanamu ile na baragumu lipigwe mara tatu, na jiwe hilo liwe lile lile la kichwa cha Mwasisi, si jingine.

Mtu yeyote mwenye akili ya kukata mkate ataona tatizo. Wao waliliona pia, wakaunda kamati. Kamati ilipokuwa bado inakaa, kichwa cha Mtukufu wa pili kikachongwa kutokana na cha kwanza, cha tatu kutokana na cha pili, na kadhalika. Cha Mwasisi kilikuwa kama pipa. Cha wa tano kilikuwa kama sufuria ya pilau ya harusi. Cha Mtukufu Lutengo, wa kumi na moja, kilikuwa kama nazi iliyofuliwa, na kilikaa juu ya mabega mapana kama mlango wa ghala. Kamati ikatoa taarifa kwamba kichwa hakipungui hata kidogo, ila mwili ndio unaokua kwa kasi ya maendeleo. Watu wakapiga makofi. Waliocheka walinyongwa.

Aliyekuwa akivichonga vichwa hivyo aliitwa Fundi Mangwela, Mchonga Kichwa Mkuu wa Dola. Kazi aliirithi. Babu yake aliuawa kwa sababu ya pua, baba yake kwa sababu ya kidevu, kwa hiyo Mangwela alikua akijua kuwa uso wa mkubwa ni mahali pa hatari. Alikuwa mtu mwoga, hilo tuliseme mapema, na kwa woga wake alikuwa amefika umri wa miaka arobaini na tisa, rekodi katika ukoo wao.

Wachonga vichwa wana desturi yao moja ya tangu enzi: fundi haoshi kichwa wala uso mpaka kazi aliyoianza ikamilike. Vumbi la jiwe la Mwasisi humtuama nywelani na kwenye nyusi, naye hutembea nalo. Mkewe, Bi Zuhera, aliichukia desturi hiyo kuliko alivyowachukia watawala wote kumi na mmoja. Kazi ilipokwisha alikuwa akimkalisha uani juu ya kigoda, akammwagia maji ya moto kwa kata na kumsugua mpaka uso wa mumewe utokeze. Hapo ndipo alipomwambia karibu nyumbani.

*

Mtukufu Lutengo hakuuawa kwa ukatili wake. Ukatili watu walikuwa wameuzoea. Aliuawa kwa sababu ya neno la siri.

Kila asubuhi Jemadari Mbaruti, mkuu wa Walinzi wa Kizingiti, alipaswa kupewa neno la kuingilia zamu, na Lutengo alikuwa akijichekesha kwa kumchagulia neno. Basi Mbaruti, mtu wa makovu kumi na saba, alisimama langoni mbele ya askari wake na kusema, "Mimi ni kifaranga," ndipo afunguliwe. Siku nyingine alikuwa bibi harusi. Siku nyingine alikuwa uji wa jana. Alivumilia miezi minane. Mwezi wa tisa alijaza fomu.

Walimkuta Lutengo kwenye ujia unaotoka bafuni kwenda chumba cha kulia, amejifunga taulo. Mbaruti alimpiga upanga wa kwanza kati ya shingo na bega, akamuuliza neno la siri la leo ni lipi, na Lutengo akashindwa kulikumbuka. Walinzi thelathini wakafuata, kila mmoja na pigo lake na sahihi yake. Mmoja alikuwa ameenda msalani. Aliporudi mwili ulikuwa hauna tena mahali pazima pa kuchoma, lakini alisisitiza apewe nafasi ili asiandikwe mtoro, wakamgeuzia maiti upande wa pili.

Damu ikiwa imeshawapanda, waliendelea. Walimuua kinyozi na wembe wake mkononi. Walimuua mpishi, kisha mwonja chakula, ambaye alikuwa amepona sumu mara sita na alishaanza kujiona na bahati. Waliwaua mabalozi wawili waliokuwa wakisubiri barazani miezi minne kuonana na Mtukufu, na karani akaandika kwamba shauri lao limefungwa. Sakafu ya ikulu ilikuwa imesuguliwa asubuhi hiyo hiyo, hivyo walinzi wengi waliteleza, na wawili walichomana kwa bahati mbaya.

Fundi Mangwela alikuwa ndani. Alikuja kupima masikio ya Lutengo, maana alikuwa amenenepa na sheria ilitaka sanamu irekebishwe. Aliposikia vilio alishika kamba yake ya kupimia, akakimbia mpaka ukumbi wa mwisho, akajitupa nyuma ya pazia la zambarau. Huko akakanyaga mguu wa mtu.

"Pole pole," mtu huyo akanong'ona. "Hapa nimewahi mimi."

Alikuwa Mzee Salimbe, baba mdogo wa marehemu. Kila mara ukoo wa watawala ulipochinjana, mzee huyu alisahaulika. Alikuwa na mvi za kitoto, miguu myembamba, na mifuko miwili ya mtama kwa ajili ya kanga wake, ndege sitini aliowafuga nyuma ya jiko la ikulu na kuwaita kila mmoja kwa jina. Orodha za kuuawa zilipoandaliwa, jina lake lilikuwa likikatwa, na pembeni kuandikwa: huyu anafuga ndege. Alimpisha Mangwela kidogo ukutani, akammegea kipande cha mkate kutoka kwenye kanzu yake, na kumshauri apumue kwa pua. Mangwela hakuwahi kutendewa wema kama huo ndani ya jengo lile.

Tatizo la pazia lilikuwa urefu wake. Liliishia juu ya vifundo vya miguu.

Mbaruti alisimama mbele yake na kuhesabu miguu minne. Alilisogeza pazia kwa ncha ya upanga, taratibu, kama mwenye nyumba anayetazama hali ya hewa. Kumbe hakuwa tena na hamu ya kuua. Karani Shegeza, karani wa taratibu wa ikulu, alikuwa ametoka kumkumbusha kwamba walinzi wasio na Mtukufu wa kumlinda hupelekwa mashambani kulima, na kifungu kilikuwa wazi. Alihitaji mtu wa damu ya ukoo, na alimhitaji kabla ya chakula cha mchana.

"Mmoja wenu ni jamaa ya marehemu," alisema. "Nani?"

Upanga ulikuwa ukidondosha damu kwenye kidole gumba cha mguu wa Mangwela, tone baada ya tone, na kila tone lilikuwa la moto. Alidhani wanamtafuta jamaa huyo wamuue. Mkate wa mzee ulikuwa bado mdomoni mwake, hajaumeza. Aliinua kidole.

"Ni huyu," alisema.

Mzee Salimbe alimtazama. Kisha walinzi wakapiga magoti mbele yake kwenye damu, wakaanza kushangilia.

*

Wakati huo Baraza la Wazee mia lilikuwa limekutana kwa dharura kutangaza kwamba utawala wa mtu mmoja umekwisha na nchi imerudi kwa wananchi. Spika aliinuka, akakohoa, akasema kwamba uhuru umefika, tena kwa kishindo, lakini umefika kabla ya kusomwa kumbukumbu za mkutano uliopita. Mkutano uliopita ulifanyika miaka tisa nyuma. Mjumbe aliyestahili kuzithibitisha alikuwa ameuawa, na aliyestahili kuchukua nafasi yake alikuwa ameuawa pia. Wakaanza kuchagua mwingine kwa kura ya siri.

Mbaruti alijua kumbukumbu zingesomwa mpaka kesho adhuhuri. Kichwa kilipaswa kuwa juu ya sanamu kabla ya hapo. Nazi ya Lutengo ikateremshwa, Mangwela akapewa chumba chenye mwanga, na Mzee Salimbe akaletwa akae mbele yake, kanga mmoja mapajani.

Mangwela alichonga na mikono ikitetemeka. Mzee alimlisha ndege punje moja moja.

"Kilikuwa kidole kipi?" aliuliza hatimaye, kwa upole.

Mangwela alionyesha kidole cha shahada cha mkono wa kuume.

"Sawa. Nilitaka tu kukikumbuka. Sasa niambie, ukimaliza kitabaki kiasi gani?"

"Kama chungwa, Mtukufu."

"Na atakayekuja baada yangu?"

Fundi alisema Mungu apishe mbali, lakini akilazimishwa kukadiria, kama ndimu. Na atakayefuata huyo, kama kokwa ya kungu.

"Basi mimi nichonge ndimu," Salimbe alisema. "Halafu uendelee kunipunguza. Nimeishi nyuma ya mapazia miaka sitini na moja, fundi, nimewaona wote wakiingia na kutoka. Watu hawamuui Mtukufu kwa sababu wanamchukia. Wanamuua ili wakae wao. Jiwe likiisha, atakayeniua ataweka nini pale juu?"

Mangwela aliacha kutetemeka, kwa maana alikuwa ameelewa, na aliyeelewa hatetemeki, hupoa. Alimwona mzee huyu kwa mara ya kwanza. Sura ilikuwa ya mfuga ndege, na ndani alikuwa amekaa mtu mwenye hesabu kali kuliko wote waliomtangulia.

"Nawe siku utakayoniambia kazi imekamilika," Salimbe aliongeza, akipangusa punje kwenye kanzu, "siku hiyo tutazungumza habari ya kidole."

*

Kesho yake adhuhuri ndimu iliwekwa juu ya shingo ya Mwasisi. Baragumu lilipigwa mara tatu. Kunguru akatua pale pale, akaificha yote kwa tumbo lake, na watu elfu kumi wakamsujudia kunguru. Muuza kahawa mmoja alicheka. Walimkata koo akiwa bado na birika mkononi, na kahawa ikaendelea kumwagika. Karani akaandika muda.

Baraza la Wazee lilikuwa ndiyo kwanza limefika kwenye mambo yatokanayo.

Mtukufu Salimbe hakupiga kelele hata siku moja. Alianza na Mbaruti, akamwita, akamshukuru kwa kumweka madarakani, kisha akamweleza kwamba aliyemuua mmoja ameshaijua njia. Mbaruti hakupinga. Aliomba tu isiwe Ijumaa, maana ilikuwa siku yake ya mapumziko, na ombi lake lilikubaliwa. Alikatwa kichwa Alhamisi kwa upanga wake mwenyewe, akilalamika kwamba askari wa siku hizi hawajui kunoa. Walinzi wake wakafuata kwa mpangilio wa sahihi zao. Yule wa msalani alijitetea kwamba alimchoma maiti, na kumchoma maiti si kuua, wakampigia kura, wakamuua wa mwisho kwa heshima ya hoja yake.

Baada yao ikaja zamu ya Baraza. Wajumbe walioonekana kuupenda uhuru walialikwa chakula cha mchana. Kumi na tisa walinyongwa kabla ya mchuzi kuletwa. Waliobaki walimaliza kula, wakapitisha azimio la kumpongeza mwenyeji, wakanyongwa baada ya matunda. Kisha wakaja wapwa, mashemeji, na binamu wa mbali ambaye kosa lake lilikuwa kufanana na Lutengo kwa masikio. Kila aliyeuawa alipewa kikombe cha uji na fomu, na mke wake alipelekewa barua ya pole iliyoandikwa vizuri sana. Watu walisema huyu ndiye mtawala mpole kuliko wote waliowahi kuwapata.

Muda wote huo Mangwela alichonga. Mara moja kwa wiki kichwa kiliteremshwa kwenye kisahani, naye akatafuta cha kurekebisha. Aling'arisha shavu, akaongeza kunyanzi, akaliondoa. Alijua kwamba akisema "tayari" amekufa, na kwamba kila pigo la tindo linampunguzia siku zilizobaki. Hakuwa na njia ya tatu. Kwa hiyo alijifunza kuchonga kidogo kuliko binadamu yeyote aliyewahi kuchonga, akibana pumzi, akilikwaruza jiwe kwa sindano. Ndimu ikawa kungu. Kungu ikawa punje ya mahindi. Wakuu wa idara walipanda ngazi na vioo vya kukuzia, wakashuka wakisema kwamba Mtukufu anapendeza.

Na kwa kuwa kazi haikukamilika, Mangwela hakunawa. Mwaka wa kwanza nywele zake zilikuwa za kijivu. Mwaka wa pili zilikuwa ngumu. Mwaka wa nne uso wake wote ulikuwa umefunikwa na ganda la jiwe nene kama upana wa kidole, na akitabasamu lilipasuka mdomoni, hivyo aliacha kutabasamu. Alilala uani kwenye mkeka. Bi Zuhera alikuwa akimletea chakula, akakaa karibu naye kwa kitambo na kumtazama.

"Kazi gani hii isiyoisha, baba?" alimuuliza jioni moja.

"Omba isiishe," alimjibu.

"Mimi naomba iishe. Siku itakapokwisha usinitume mtu, nitasikia mwenyewe. Utakuta maji yako yamo motoni."

Mangwela alitaka kumwambia ukweli, akakosa ujasiri, kama kawaida yake. Alimpenda mno mwanamke huyo, na jambo hilo pia hakumwambia.

*

Mwaka wa tano kichwa kilikuwa kama punje ya mtama. Kilikuwa na macho, kilikuwa na kidevu, na mtu mwenye subira angeweza kuona kwamba kinawaza. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Mtukufu Salimbe alitaka kutazama matundu ya pua. Kisahani kikawekwa mezani, Karani Shegeza akafungua daftari lake, na kwenye mapaja ya Mtukufu alikuwapo kanga aliyempenda kuliko wote, Sultana, ambaye tangu alipoanguliwa alikuwa amelishwa mtama kutoka kwenye visahani.

Alinyoosha shingo, akadonoa.

Hakuna aliyesogea. Sultana alitikisa kichwa, akameza, akatazama kama kuna nyingine. Karani aliandika: saa nne na dakika kumi, Mtukufu ameliwa.

Kutoka hapo mambo yalikwenda haraka. Walinzi walioitwa walimpasua Sultana, wakafungua firigisi, wakakuta mchanga. Kwa kuwa ndege wote wanafanana, na kwa kuwa mkanganyiko ulikuwa mkubwa, waliwapasua wote sitini. Ua wa nyuma ya jiko ulijaa manyoya yenye madoa na damu hadi kwenye kizingiti. Mzee Salimbe, aliyewanyonga watu mia mbili bila kuinua sauti, alilia kwa kwikwi, akiwataja majina mmoja mmoja. Karani alichukua mchanga wa firigisi, akausugua kati ya vidole, akatangaza kwamba Mtukufu amesagwa na kuchanganyika na mawe ya kawaida. Sanamu haina kichwa. Dola haina mtawala. Mtu aliyekuwa akilia uani ni mvamizi wa ikulu.

Mzee alilielewa hilo upesi kuliko walinzi. Alikimbia. Mangwela, ambaye hakuwa na jiwe la kuchonga wala siku ya kuishi, alikimbia pia, na miguu yao yote iliwapeleka walikozoea. Pazia la zambarau lilikuwa pale pale. Hakuna aliyekuwa amepata kibali cha kulirefusha.

Jemadari wa wakati huo alikuwa wa tano tangu Mbaruti, kijana mwenye sauti nyembamba na hofu kubwa ya kupelekwa kulima. Alihesabu miguu minne, akalisogeza pazia, na upanga wake ulikuwa na manyoya ya kanga.

"Jiwe limekwisha," alimwambia Salimbe. "Umetumaliza sisi sote, mzee. Kwa nini nisikukate?"

Salimbe alifuta machozi kwa kiganja. Sauti yake ilirudi kuwa ile ile ya kumlisha ndege.

"Karani," alisema, "vumbi la jiwe ni jiwe, au si jiwe?"

Karani Shegeza alifungua kitabu, akalowesha kidole, akapekua. Alijibu kwamba kwa mujibu wa kifungu cha saba, vumbi la jiwe ni jiwe lililo katika hali ya kutawanyika.

"Basi jiwe lote la Mwasisi, kuanzia nazi mpaka mtama, lipo." Mzee aliinua kidole cha shahada cha mkono wa kuume, akakitazama kidogo, kisha akakielekeza pembeni yake. "Ni huyu. Hajanawa miaka minne na nusu."

Wote walimgeukia Mangwela. Ganda lake la kijivu liling'aa kwenye mwanga wa dirisha, na kweli, kwa mara ya kwanza waliona kwamba alikuwa na sura ya kitaifa. Jemadari alimgonga kwenye paji la uso kwa kifundo cha kidole. Kulisikika sauti ya jiwe.

"Mimi ni fundi tu," Mangwela alisema. "Kazi imekwisha. Desturi inaniruhusu kunawa. Niacheni niende nyumbani ninawe, nitarudi kesho asubuhi na fomu yangu."

"Kuanzia leo kunawa kwako ni kuharibu mali ya Dola," Karani alisema, bila ubaya wowote. Alikuwa ameshaanza kuandika. Kichwa kipo, alisoma kwa sauti, na ni cha jiwe la Mwasisi kama sheria inavyotaka. Kasoro ni moja tu, kwamba kwa sasa kimekaa kwenye shingo isiyo rasmi.

Jemadari aliuliza kama hilo ni tatizo.

"Hapana, mkuu. Hilo ni suala la uhamisho."

Walichukua kamba ya kupimia mfukoni mwa Mangwela, wakampimia shingo, wakamlaza juu ya meza yake mwenyewe ya kazi. Jemadari alipiga mara mbili, kwa uangalifu, asije akamwaga vumbi. Mzee Salimbe aliondoka kupitia mlango wa jikoni, mikono mitupu, na hakuna aliyemzuia. Alikuwa hafugi tena hata ndege.

*

Adhuhuri baragumu lilipigwa mara tatu na Mtukufu Mangwela akatangazwa. Watu waliokuwa nyuma kabisa ya uwanja waliona uso kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe. Vikongwe walilia kwa furaha, wakisema nchi imerudia ukubwa wake. Mjumbe mmoja wa Baraza jipya alihutubia kuhusu uthabiti, na kwa kila alilolisema alionyesha juu, na damu ilikuwa ikishuka polepole kwenye kifua cha Mwasisi.

Bi Zuhera alikuwa uani kwake. Habari ya kanga ilikuwa imefika sokoni tangu saa tano, naye alijua maana yake: kazi imekwisha. Alikuwa amechemsha maji, akatoa kigoda, akaandaa sabuni na dodoki. Alisubiri mpaka maji yakapoa, akayarudisha motoni. Aliposikia baragumu alijitwika ndoo, akashika kata, akatoka.

Uwanjani watu walimpisha. Alitazama juu, ndoo kichwani, haikutikisika. Ngazi ya fundi ilikuwa bado imeegemea begani mwa sanamu, akaipanda. Walinzi walimwangalia Karani, Karani akapekua kitabu, na hakukuta kifungu kinachomzuia mke wa Mtukufu kumkaribia.

Alimmwagia kata ya kwanza, kisha ya pili. Alisugua kwa dodoki, nyuma ya masikio, kwenye nyusi, pembeni mwa mdomo, kama alivyokuwa akifanya zamani uani, na alikuwa akimsemesha, lakini chini hawakusikia anasema nini. Ganda lililainika, likabanduka vipande vipande. Maji ya kijivu yalitiririka kwenye kifua cha Mwasisi, yakafika miguuni, yakasambaa sakafuni mwa uwanja. Juu pale alibaki mwanamume wa miaka hamsini na tatu mwenye kovu dogo la tindo kwenye nyusi, asiyefanana na mtawala yeyote.

"Haya," Bi Zuhera akamwambia. "Karibu nyumbani, baba."

Akamfunga kwenye shuka safi, akamweka ndani ya ndoo, akaanza kushuka. Jemadari alimuuliza Karani kwa sauti yake nyembamba: sasa Mtukufu ni nani? Karani alikuwa akitazama chini. Maji yale ya kijivu, pamoja na jiwe lote la Mwasisi, yalikuwa yamefika kwenye viatu vyake, na kwenye viatu vya Jemadari, na yalikuwa yanaelekea kwa Baraza. Mtu wa kwanza aliruka. Wa pili akainama, akaanza kujifuta mguu kwa kofia yake. Kisha uwanja mzima ukawa unajisugua, walinzi kwa wajumbe, kwa kanzu, kwa bendera, kwa mate, kila mmoja akiangalia kidole cha jirani yake. Bi Zuhera alipita katikati yao na ndoo yake, akaelekea nyumbani.